Mwongozo wa Tiketi za Familia: Makumbusho na Vivutio vya Watoto, Nakuru hadi Kisumu na Kitale

Katika safari ya makumbusho na watoto, kiingilio ndicho gharama ndogo. Nauli, chakula cha mchana na soda za njiani ndivyo vinavyomaliza pesa. Familia ya Nakuru inayosafiri hadi Kisumu kwa ajili ya sehemu moja ya saa mbili imenunua siku ghali sana, hata kama tiketi ilikuwa rahisi. Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa umaarufu. Tumetazama mambo matatu: kama kuna kitu kinachosogea au ambacho mtoto anaweza kukiingia, kama umri wa mtoto unaendana na kinachoonyeshwa, na kama kuna sehemu ya pili karibu ya kujaza siku.

1. Makumbusho ya Kisumu: chaguo bora kwa jumla, miaka 3 hadi 12

Yapo kando ya barabara kuu ya Nairobi, na tuktuk au matatu kutoka katikati ya mji inakufikisha upesi. Yalifunguliwa mwaka 1980, na hadi leo hatujaona sehemu nyingine magharibi mwa Kenya inayompa mtoto mdogo vitu vingi hivyo ndani ya ua mmoja: samaki hai, nyoka, mamba, kobe, ukumbi wa maonyesho, na boma zima la Kijaluo.

Usianzie ukumbini. Wazazi wengi huingia mlango wa kwanza wanaouona, wakasoma maandishi ukutani kwa nusu saa, na wakifika kwa samaki mtoto ameshachoka na analilia maji. Anza na viumbe hai, kisha boma, ukumbi uwe wa mwisho, jua likiwa kali na kivuli kinatafutwa.

Kwenye matangi ya samaki, shuka usawa wa macho ya mtoto. Mtoto wa Kisumu anamjua ngege (tilapia) akiwa kwenye sahani, na huenda hajawahi kumwona akigeuza mapezi. Kamongo akiwepo, msiondoke haraka. Samaki huyu ana mapafu, na ni lazima apande juu kuvuta hewa. Mwambie mtoto asubiri aone mdomo ukitokeza juu ya maji. Subira hiyo fupi humfundisha zaidi ya bango lolote. Mtoto wa darasa la nne kwenda juu mweleze pia habari za mbuta: hakuwa wa Ziwa Victoria, aliingizwa humo katika miaka ya 1950, naye akawala fulu, wale samaki wadogo wa asili, hadi aina nyingi zikapotea.

Kwa nyoka, tatizo la kawaida ni mtoto kusema "hakuna kitu." Nyoka wapo, ila hawasogei. Tazameni pembe za kizimba, chini ya magogo na penye matawi yaliyopandana. Mkataze mtoto kugonga kioo. Nyoka huhisi mtikisiko, hujificha zaidi, na watakaokuja nyuma yenu hawataona chochote. Mamba naye hukaa kinywa wazi bila kutikisika hadi watoto wakadhani ni sanamu. Hiyo ndiyo njia yake ya kupunguza joto mwilini.

Boma, Ber-gi-dala, limejengwa kwa vipimo halisi, na hapa ndipo thamani kubwa ya tiketi ilipo. Simama na mtoto langoni umuulize kila nyumba ni ya nani kabla ya mwelekezi kusema. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Za nyachira, mke wa pili, na reru, mke wa tatu, ziko kando, na simba, yaani nyumba ya kijana, iko karibu na lango. Kuna ghala la nafaka na zizi pia. Mtoto akishaelewa kwamba mahali pa nyumba ni cheo, ataanza kukuuliza kuhusu boma la babu yake. Watu wazima wainamishe vichwa mlangoni, maana paa la nyasi hushuka chini sana.

Tengeni saa moja na nusu hadi mbili. Epukeni katikati ya asubuhi siku za shule, hasa muhula wa pili. Mabasi mawili ya wanafunzi yakishuka kwa pamoja, mtoto wa miaka minne haoni tangi, anaona migongo.

2. Hifadhi ya Impala, Kisumu: ya kuunganisha na namba 1

Hifadhi hii ndogo iko ufukweni, na ilitengwa mwaka 1992 kulinda swala pala wachache waliobaki pembeni mwa mji. Swala hutembea huru kwenye nyasi. Simba, chui na wengine wako vizimbani. Kuna wazazi wasiopenda vizimba, na tunawaelewa. Ila kwa familia isiyo na gari, hapa ndipo mtoto, akitembea kwa miguu yake mwenyewe, anaweza kumwona simba, na tiketi haihitaji dereva wala gari la kukodi.

Saa ndiyo inayoamua. Kati ya saa sita na saa tisa mchana simba amelala, na mtoto ataona tumbo tu. Nendeni asubuhi mapema au kuanzia saa kumi. Mpango unaofaa kwa siku moja ni makumbusho asubuhi, chakula na mapumziko, kisha Impala jua likipoa.

Tumbili wa hapa wanajua mfuko wa chakula kuliko mnavyodhani. Mtoto asishike ndizi wala biskuti mkononi akitembea, kwa sababu tumbili akinyakua anaweza kumkwaruza. Chupa za maji za plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi katika hifadhi za taifa tangu Juni 2020. Bebeni chupa za kudumu, mzijaze nyumbani.

Malipo ya hifadhi za KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ni kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si noti langoni. Lipeni kabla ya kutoka nyumbani. Makosa mawili hurudia: kuchagua kundi lisilo lenu (raia, mkazi, mgeni) na kuchagua tarehe isiyo sahihi. Bei ya raia huhitaji kitambulisho, kwa hiyo beba chako na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu ada yao hutegemea umri. Viwango hubadilishwa, basi tazama vya wiki hiyo, usitegemee alicholipa jirani mwaka jana.

Mkiendelea hadi Dunga kwa mashua, ulizeni kwanza kama kuna jaketi la uokoaji la saizi ya mtoto. La mtu mzima humtoka mtoto kupitia kichwani akianguka majini. Kama halipo, msipande. Wala asiruhusiwe kuchezea maji ufukweni: kuna kichocho, na kuna viboko.

3. Makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru: miaka 7 na zaidi

Kwa wakazi wa Nakuru hii ndiyo siku ya bei nafuu kuliko zote. Ni karibu kilomita 4 kutoka mjini kwenye barabara ya Nairobi. Shukeni kwenye njia panda, mtembee kidogo. Jumba ni dogo, lilikuwa nyumba ya shamba, na likitazamwa peke yake litawavunja moyo. Mnachokinunua kiko nje, mlimani.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alianza kuchimba hapa mwaka 1937. Alikuta mabaki ya vipindi tofauti: makaburi ya watu wa Zama za Mawe za mwisho, na makazi ya wafugaji waliokuja baadaye sana. Mashimo yaitwayo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ardhini. Leo yamefunikwa na nyasi, na mtoto asiyeelezwa mapema huona bonde tu. Mweleze kabla hamjafika, na mfike asubuhi au jioni, kivuli cha jua la pembeni kikichora kingo zake. Saa sita mchana hayaonekani vizuri.

Kinachowashika watoto kuliko vyote ni bao lililochongwa kwenye mwamba, mashimo safu kwa safu. Ni mchezo ule ule wa ajua unaochezwa Kisumu. Wahesabu mashimo, wapitishe vidole, lakini wasikwangue wala kugonga kwa jiwe. Mkirudi nyumbani, chimbeni mashimo yenu udongoni mcheze kwa kokwa.

Njiani kuna vipande vyeusi vinavyong'aa vya kioo cha volkano, ambavyo watu wa kale walivitumia kama visu. Kingo zake bado hukata. Kuviweka mfukoni ni kosa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, basi kagua mifuko kabla ya kuondoka. Viatu viwe vya kufunga, si sandali. Kilele kinaonyesha Ziwa Nakuru lote, na kupanda ni rahisi kwa mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna kivuli juu.

4. Makumbusho ya Kitale, pamoja na Saiwa

Mkusanyiko wake ulianzishwa na Hugh Stoneham mwaka 1926, na makumbusho yenyewe yakafunguliwa 1974. Ukumbi una wadudu na ndege wengi waliokaushwa, ambao huwachosha watoto wadogo. Msitu ulio nyuma yake ndio unaofaa: njia fupi kandokando ya mto, kima juu mitini, na nyumba za jamii mbalimbali za magharibi. Mvua ya Kitale hupenda kuja mchana, na njia ikilowa huteleza. Ingieni msituni kabla ya saa tano, ukumbi ubaki wa baadaye.

Hifadhi ya Saiwa, yenye ukubwa wa kilomita mraba 3 hivi, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, na hutembelewa kwa miguu. Mtoto hupanda jukwaa la mbao kumtafuta sitatunga, swala wa majimaji, kwenye kinamasi. Kunahitaji ukimya na kuamka alfajiri, kwa hiyo tungeiweka kwa miaka 8 na zaidi.

5. Hifadhi ya Ziwa Nakuru

Kwa uzuri ingekuwa juu, lakini kwa familia ni ghali kwa sababu ya gari. Kilomita mraba 188 hazitembelewi kwa miguu, na mtoto wa miaka mitatu hukaa ndani ya gari saa nne. Kodini gari mkiwa familia mbili mgawane. Vifaru ndio sababu ya kwenda, weupe na weusi, pamoja na twiga wa Rothschild. Waambieni watoto mapema kwamba hapa hakuna ndovu, na kwamba flamingo walipungua sana ziwa lilipofurika. Wageni wengi huwafuata Ziwa Bogoria. Madirisha yafungwe mnapokula, kwa kuwa nyani hufika hadi kwenye kiti cha nyuma.

6. Za watoto wakubwa, miaka 10 kwenda juu

Makumbusho ya Kapenguria yana vyumba vya gereza walimofungwa wapigania uhuru Kenyatta, Kaggia, Karumba, Kubai, Ngei na Oneko. Mtoto anaweza kuingia, akanyosha mikono, akapima upana. Asiyejua hali ya hatari ya 1952 ataona kuta tu, kwa hiyo mweleze kwanza.

Kit Mikayi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, ni ya kupanda miamba mkiwa na mwelekezi wa pale. Baada ya mvua, ahirisheni. Kuna waumini wanaosali kati ya mawe, na watoto wapunguze sauti.

Thimlich Ohinga, maboma ya kale ya mawe huko Migori, iliingia orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ni mbali na barabara ya mwisho ni mbaya, ndiyo maana iko chini ya orodha. Kuta zake ni mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, hivyo mtoto akipanda jiwe moja hung'oka na mengine hufuata. Mshike mkono tangu langoni.