OLAMS ya Bodi ya Mikopo: mfumo mzuri, mihuri ndiyo kazi

OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) wa kuomba mkopo wa chuo Tanzania, unajazika hata kwa simu. Anzia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema, na cha kifo cha mzazi kwa yatima. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Ukichanganya, taarifa zako hazitaoana. Ada ya maombi ni shilingi 30,000.

Kinachokwamisha wengi ni fomu ya kuchapisha: saini ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, wa wakili au hakimu, kisha uskani na kuipandisha tena. Muhuri uliofifia, rudia papo hapo. Kwa mtoto wa kijijini, nauli ya kufuata mihuri hiyo inaweza kuizidi ada yenyewe.