Canon 700D ya mkononi: uzoefu wangu kwenye darasa la picha Moshi

Mwalimu wetu wa picha alitoa sharti moja tu: kamera iwe na M, yaani shata (muda wa kuingiza mwanga), apecha (upana wa tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uweze kuvipanga mwenyewe. Mengine shauri yako. Kwa hiyo muuzaji mmoja hapa mjini aliponiwekea mezani kikamera kipya cha kubonyeza tu, huku akisifia megapikseli, nilimwambia asante kaka, nikatafuta Canon 700D iliyotumika. Ni kamera ya mwaka 2013, ina megapikseli 18, na kwa kazi za darasani zinatosha na kubaki. Nilitoa laki sita na nusu pamoja na lenzi ya 18-55mm, chaja na betri moja. Kabla ya kulipa nilimulika lenzi kwa tochi ya simu kuangalia ukungu, maana kamera iliyokaa sana kwenye begi lenye unyevu huota utando kwenye vioo, na kuusafisha si kazi ya kujaribu nyumbani.

Kilichonikamata ni kioo cha nyuma. Kinafunguka pembeni, kinageuka, na ni cha kugusa. Asubuhi, Kibo ikiwa bado haijafunikwa na mawingu, unawasha kioo, unaweka M, na kila ukizungusha namba unaona papo hapo theluji ikiungua kwa mwanga kuzidi au migomba ya mbele ikizama gizani. Somo la mwanga nililielewa pale. Tulipotumwa kupiga bodaboda zinazozunguka Mnara wa Saa, niliishusha kamera karibu na lami, nikakigeuza kioo kiangalie juu, nikaweka shata 1/30 ya sekunde na kuifuata pikipiki. Dereva katoka safi, maduka ya nyuma yamekuwa michirizi mitupu, na suruali yangu haikugusa vumbi.

Kero zipo. Gurudumu la kuzungusha ni moja, hivyo kubadilisha apecha ukiwa kwenye M lazima gumba libane kitufe cha Av huku kidole cha shahada kikizungusha. Mwanzoni vidole vinagombana. Lenzi nayo gizani ni dhaifu: ukiivuta hadi 55mm haifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya apecha; ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na ndani sokoni nilipandisha ISO hadi 3200, chenga zikajaa kwenye vivuli. Dawa yake ni lenzi ya 50mm f/1.8, naidunduliza.

Jirani yangu darasani ana Nikon D3300, na niseme ukweli, ISO ikipanda picha zake ni safi kuliko zangu. Tabu ilimpata alipoazima 50mm f/1.8D, lenzi ya zamani. Ilikaa vizuri tu, ila fokasi haikujivuta, kwa sababu bodi ile (kamera yenyewe bila lenzi) haina mota ya fokasi na lenzi nayo haina. Akabaki kufokasi kwa mkono. Kwangu, lenzi za Canon za EF zina mota zake zenyewe, hata za miaka ya nyuma, kwa hiyo naazima bila wasiwasi.

Betri niliyopewa ilikuwa imechoka. Bahati nzuri ni LP-E8, ileile ya Canon 550D, 600D na 650D, na darasani wenye hizo hawakosekani. Wi-Fi haina, picha natoa kwa kisoma kadi. Anayetaka kurusha picha kwenye simu palepale aangalie Canon 1300D, ila ajue kioo chake hakigeuki.