Minofu ya sangara wa barafu: pakiti sita, maduka mawili ya Entebbe

Nimekulia Mwanza, na kwetu sangara maana yake ilikuwa mapanki. Minofu ilikatwa kiwandani ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabakiwa na vichwa na mifupa, mama akaikaanga mpaka ikawa inalia mdomoni. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipotoa pakiti ya minofu kwenye friza ya duka hapa Kitooro, mjini Entebbe, Uganda, niliishika kwa muda kabla ya kuitia kikapuni. Ziwa ni lile lile, Victoria, na samaki ni yule yule. Jina tu ndilo linalobadilika ukizunguka ufukwe: Mwanza sangara, Kisumu mbuta, hapa Entebbe mputa.

Tangu Januari nimenunua pakiti sita za kilo moja moja, kutoka maduka mawili. Naandika kwa sababu majirani zangu wengi wameshazikatia tamaa. Wanasema samaki wa barafu ni kama kutafuna sponji. Mmoja wao aliniletea sahani nijionee: nyama imevurugika, imeogelea kwenye maji meupe. Nikamuuliza, "Dada, ulimyeyusha vipi?" Akasema kwenye beseni la maji ya moto, maana watoto walikuwa na njaa.

Basi samaki wake aliharibikia kwenye beseni, dukani alitoka mzima. Nyama ya samaki imejaa maji, na maji hayo yakiganda huwa chembe za barafu zinazochoma nyuzi za nyama. Ukiyeyusha taratibu, sehemu kubwa ya maji hubaki mahali pake. Ukimwagia maji ya moto, nje inaanza kuiva huku katikati bado ni jiwe, na utamu wote unachuruzika beseni. Isitoshe, huo uvuguvugu wa nje ndio vijidudu wanaoupenda.

Sasa pakiti zenyewe. Za duka la kwanza zina vipande vinne au vitano, vimetolewa ngozi, unene wa kama sentimita mbili na nusu katikati. Katika pakiti zote nne nilizochukua hapo nimekuta mwiba mmoja tu. Kila kipande kimevikwa ganda jembamba la barafu. Hilo si ujanja, kazi yake ni kuzuia hewa ya friza isikaushe nyama. Ila ganda nalo lina uzito, na hapo ndipo nilipotoa mizani yangu ya keki. Pakiti ya duka la kwanza, iliyoandikwa gramu 1,000, ilibaki 910 baada ya kuyeyuka na kuchuja. Ya duka la pili, yenye maandishi hayo hayo, ilibaki 760. Karibu robo ya pesa yangu ilikwenda kwenye sinki.

Nilirudi duka la pili na picha ya mizani kwenye simu. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nnyabo (mama), ndivyo zinavyokuja." Nikamwomba anifungulie friza, na nikaona kilichonisumbua kuliko uzito: vipande vimegandamana kuwa bonge moja, ndani ya mfuko mna chembe za theluji, na maji ya damu yameganda kwenye kona. Samaki wa namna hiyo aliwahi kuyeyuka akagandishwa tena. Umeme ukikatika saa kadhaa na duka halina jenereta, hayo ndiyo matokeo. Siku hizi kabla ya kulipa nauliza kama jenereta ipo, kisha natia mkono hadi chini ya friza, kwenye pakiti ambazo mlango ukifunguliwa hazipati joto. Kipande chenye mabaka meupe makavu nakirudisha.

Kuyeyusha naanza saa tatu usiku wa kuamkia siku ya kupika. Pakiti iliyofyonzwa hewa naikata kabla ya kuiweka kwenye friji, na jambo hili naomba mtu asilipuuze: kuna bakteria wa botulizimu, wanaotengeneza sumu kali kwenye chakula na kustawi pasipo hewa, na wapo wa aina inayoweza kukua hata kwenye ubaridi wa friji. Vipande navipanga kwenye chujio juu ya bakuli, rafu ya chini kabisa, ili maji yasidondokee chakula kingine. Kufika saa tatu asubuhi vimelainika, ubaridi ukiwa bado upo. Kukiwa na haraka kweli, navitia kwenye mfuko mwingine usiopitisha maji, nauzamisha kwenye maji baridi ya bomba, nabadilisha maji kila nusu saa, kisha napika papo hapo. Kuoka kutoka kwenye barafu moja kwa moja nimejaribu mara moja. Kunachukua karibu mara mbili ya muda na viungo havishiki.

Kinachofuata wengi hukiruka: kukausha. Nakandamiza kila kipande kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena. Samaki mwenye maji juu hachomeki, anachemka. Halafu chumvi, kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi, pilipili manga na kijiko kimoja cha mafuta. Ndimu nakamulia mezani. Ukiitia mapema na kuiacha, nyama inageuka nyeupe na kukakamaa kabla hata ya kuona moto.

Trei naitandika jani la mgomba nililolipitisha juu ya moto wa sigiri likalainika. Hilo nimejifunza kwa wanawake wa hapa wanaopika luwombo, mchuzi unaofungwa kwenye jani la mgomba, na linampa samaki harufu ambayo karatasi ya aluminiamu haitampa kamwe. Oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 200. Kipande cha unene niliosema kinahitaji dakika 12 hadi 15; ukikigusa kwa uma kinaachana kwa tabaka na katikati hakuna tena rangi ya kioo. Mwenye kipimajoto asubiri nyuzi 63. Sangara ana nyama nene yenye mafuta, kwa hiyo anakuvumilia ukichelewa dakika mbili. Sato, yaani tilapia, hakuvumilii.

Mama alikuja kututembelea wakati wa Pasaka. Nilimwandalia minofu hiyo na posho (ndivyo ugali unavyoitwa hapa) na mboga za majani za nakati, nikakaa kumtazama. Alikula kipande cha kwanza bila neno, akachambua kwa vidole kutafuta mfupa, hakuuona. Akaniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo ile iliyokuwa inapanda ndege?" Nikamjibu ndiyo, mama, ndiyo hiyo. Akavuta sahani ya minofu karibu yake.

Pakiti ya duka la kwanza nimelipia shilingi 32,000 za Uganda na naipa nne kati ya tano; moja naizuia kwa sababu maelezo ya nyuma ya pakiti yanasema tu "yeyusha kabla ya kupika", bila kusema vipi wala kwa muda gani. Duka la pili lilikuwa nafuu kwa shilingi 4,000, lakini ukigawa bei kwa gramu zilizobaki, kila kilo ya samaki halisi ilinigharimu karibu 37,000, dhidi ya kama 35,000 kule kwa kwanza. Sijarudi.