Kawa au chetezo?
Mwenye shilingi chache mkononi anapopita Ngamiani, Tanga, vitu viwili humvuta: kawa ya ukindu ya kufunikia chakula na chetezo cha udongo cha kufukizia udi. Chetezo kina raha yake jioni, makaa yakishika moto na udi ukaanza kunukia, ingawa udi wenyewe hununuliwa kila mara, nacho kikianguka hakiungiki. Kawa haidai kitu. Ile iliyosukwa kwa ukindu wa rangi nyekundu na zambarau huwazuia nzi wasitue juu ya wali, huku mvuke ukipenya kwenye msuko, hivyo chakula hakilowi kama kinavyolowa chini ya kifuniko cha plastiki. Mimi ningechukua kawa, baada ya kuukagua ukingo wake kwa vidole, maana msuko mbovu huanzia hapo kufumuka.