TAHADHARI: Usikubali kuwekewa vipandikizi vya matiti bila kupewa kadi yake

Ninawaandikia dada zangu mnaofikiria kuongeza matiti kwa upasuaji, na zaidi ninyi ambao tayari mmewekewa vipandikizi, ili mjihadhari na kliniki zinazouza huduma hii kama mtu anavyouza nguo. Kliniki iliyonifanyia mimi sitaitaja jina, lakini nitaeleza mwenendo wao wote, kwa sababu huo mwenendo ndio mtakaoutambua mkikutana nao.

Niliwekewa vipandikizi vya silikoni miaka 11 iliyopita. Aliyenipokea hakuwa daktari bali dada wa mauzo mwenye albamu ya picha, naye alinihakikishia hivi: "Hivi ni vya maisha, ukishaweka umemaliza." Daktari nilimwona kwa dakika chache asubuhi ya upasuaji, nikiwa nimeshalipa kila kitu na nimeshavaa gauni la wagonjwa. Hakuna aliyeniambia kwamba vipandikizi havikutengenezwa vidumu maisha yote, na kwamba kadiri miaka inavyopita ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye meza ya upasuaji unavyoongezeka.

Mwaka wa nane, titi la kushoto likaanza kukaza. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kitu chochote kigeni kilichowekwa ndani yake, na hilo ni jambo la kawaida. Shida huja pale utando huo unapokuwa mnene na kujikunja, ukakibana kipandikizi. Madaktari huigawa hali hiyo katika madaraja 4, la kwanza titi likiwa bado laini, la nne likiwa gumu, limepotoka umbo na linauma. Langu lilikuwa la nne. Kulala kifudifudi kulinishinda, mkanda wa gari niliushikilia kwa mkono usinigandamize kifua, na mwanangu alipokuja mbio kunikumbatia nilijizoeza kumgeuzia upande wa kulia kabla hajanifikia.

Nilipokwenda kwa daktari mwingine, alianza kwa kuniuliza vipandikizi ni vya kampuni gani na namba zake ni zipi. Nilimkabidhi karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "silikoni, pande zote mbili", na chini yake yapo masanduku mawili matupu palipopaswa kubandikwa stika. Kumbe vipandikizi halali huja na stika zenye jina la mtengenezaji, aina, ukubwa na namba zake, ili moja ibaki kwenye faili na nyingine iende kwenye kadi ya mgonjwa. Niliipigia simu ile kliniki. Mara ya kwanza waliniambia faili za zamani zimeharibiwa, mara ya pili wakasema daktari yule ameshaondoka, na mara ya tatu yuleyule dada wa mauzo, bila hata kuniuliza naumwa wapi, akaniuzia unga wa kunywa wa "kusafisha silikoni mwilini".

Naona aibu kusema kwamba niliununua, nikaunywa miezi minne, kwa kuwa wakati huo nilikuwa na uchovu usioisha, viungo vikiniuma na kumbukumbu ikinitoka. Wanawake wengi wenye vipandikizi hueleza dalili kama hizo, na wapo wanaopata nafuu baada ya kuviondoa, ingawa hakuna kipimo kimoja kinachoweza kuthibitisha chanzo. Lakini hakuna unga unaoyeyusha silikoni wala utando wa kovu. Anayekuuzia unga huo anakula miezi ambayo ungeitumia kupimwa.

Msidhani namba hizo ni urasimu tu. Mwaka 2010 kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse, inayojulikana zaidi kama PIP, iligundulika ikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matibabu, na mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell, vyenye uso wa mkwaruzo, baada ya mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, kuitaka ifanye hivyo, kwa kuwa vilihusishwa na limfoma adimu, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili, inayoota kwenye utando wa kovu au kwenye majimaji yanayozunguka kipandikizi. Wasio na dalili hawakushauriwa kuviondoa, ila walitakiwa kujua wanacho nini kifuani. Mwenye kadi aliangalia kadi yake. Mimi nilibaki na masanduku matupu. Titi likivimba ghafla miaka mingi baada ya upasuaji, omba majimaji hayo yatolewe na yapimwe, yakiwemo kwa kipimo cha CD30 kinachosaidia kuitambua limfoma hiyo, wala usikubali kuambiwa ni uchovu.

Tangu Oktoba 2021, FDA inataka mgonjwa apitishwe kwenye orodha ya hatari pamoja na daktari wake kabla ya upasuaji, na inapendekeza vipandikizi vya silikoni vipimwe kwa altrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya kuwekwa, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, kwa sababu silikoni inaweza kupasuka bila kuuma wala kubadili umbo la titi.

Hilo ndilo lililonikuta. Vilipotolewa, cha kulia, ambacho hakikuwahi kuniuma hata siku moja, kilikuwa kimepasuka. Nilikuwa nimemwomba daktari apige picha mgongo wa kila kipandikizi, kwa kuwa vingi huchapwa alama za kiwandani hapo. Cha kulia hazikusomeka. Cha kushoto namba zilionekana wazi, na picha hiyo sasa imo kwenye malalamiko niliyoyapeleka kwa wasimamizi wa madaktari, ikiwa imeambatanishwa na ile karatasi ya kalamu ya bluu.