WCAL na KSTO: redio mbili za chuo kimoja

Chuo cha Kilutheri cha St. Olaf, mjini Northfield, jimbo la Minnesota, Marekani, kimewahi kuwa na redio mbili. WCAL ilitokana na majaribio ya wanafunzi wa fizikia mwaka 1918, ikapata leseni 1922. Ikakua: ibada, muziki wa klasiki, watangazaji wa kulipwa. Kitu cha thamani hiyo hakikosi mnunuzi. Mwaka 2004 iliuzwa kwa Minnesota Public Radio, shirika la redio ya umma la jimbo hilo, kwa dola milioni 10.5, na Januari 2005 masafa yake, 89.3 FM, yakaanza kupiga muziki wa aina nyingine kabisa.

KSTO je? Inaendeshwa na wanafunzi wenyewe, na mawimbi yake hayafiki mbali. Kwa ukubwa, haifui dafu mbele ya WCAL. Ila kwa mwanafunzi anayetaka kushika maikrofoni leo, si wazee wake enzi zile, ningemwelekeza KSTO.