Kaunta isiyogusa ukuta: uzoefu wangu wa jiko dogo la nyumba ya zamani Ujiji

Kazi niliyoilipia ni jiko la uani, mita 2.4 kwa 3, kwenye nyumba ya Ujiji iliyojengwa kabla ya uhuru. Kuta ni za tofali bichi na udongo, unene wa sentimita 40, na juu ni bati. Mwashi na kibarua wake nilipatana nao kwa kazi nzima; fundi bomba na seremala kila mmoja kwa kazi yake. Msimu mmoja wa mvua umeshapita. Kaunta ya zege na plasta ya chokaa nazipa alama zote. Makabati nayapa nusu. Bomba la maji machafu ilibidi lirudiwe. Bei sizitaji kwa sababu kabla hujamaliza kusoma zitakuwa zimepanda, vipimo havipandi.

Nianze na ukuta, maana ndio unaoamua mengine yote.

Tofali bichi hunyonya unyevu kutoka ardhini wakati wa mvua na kuutoa hewani kiangazi. Ukilipiga plasta ya saruji, maji yanapanda kama kawaida lakini yanakosa pa kutokea. Yanakaa nyuma ya saruji, udongo unalainika, na plasta inaachia kwa mapande makubwa yenye udongo mgongoni. Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo: panapolia kama debe tupu pameshaachia. Hapa palilia hivyo upande wote wa sinki la zamani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Dawa ambayo mafundi wengi huitaja haraka ni saruji kali zaidi na waya wa kuku. Huko ni kuongeza ugonjwa, kwa sababu plasta ikiwa ngumu kuliko ukuta, siku ukuta unapocheza kidogo plasta haifuati.

Mwashi alikubali chokaa baada ya mabishano, na akaifanya vizuri. Kwa ukuta wa mita za mraba 25 na unene wa sentimita 2 tulitumia mchanga wa mto ndoo 30 za lita 20, na chokaa ndoo 10, yaani karibu mifuko mitano ya kilo 25 ukihesabu na ile ya kupaka mwisho. Chokaa ililowekwa kwenye pipa kwa wiki nzima, maji yakiwa juu yake. Siku moja ndiyo ya chini kabisa. Mchanga ujaribiwe kwenye chupa ya kioo: weka mchanga na maji, tikisa, acha utulie. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, ukaoshwe au utafute mwingine.

Kwenye chokaa yenyewe kuna mtego. Madukani kuna mifuko iliyokaa sana mpaka chokaa imegeuka kuwa kama chaki, na kuna chokaa ya shambani ambayo ni jiwe lililosagwa tu. Zote mbili haziwezi kushika. Chukua kijiko kimoja cha unga, kamulia ndimu. Ikitoa povu jingi, rudisha mfuko. Chokaa nzuri haichemki hivyo.

Plasta ya chokaa hupigwa mikono miwili, kila mmoja sentimita 1. Ukuta uloweshwe kwanza, mkono wa kwanza ukwaruzwe kwa msumari, kisha ungoje siku 7 hadi 10. Chokaa haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kuvuta hewa taratibu ikiwa na unyevu. Ndiyo maana tulitundika magunia yaliyolowa mlangoni na dirishani na kunyunyiza maji asubuhi na jioni. Pale dirishani, ambapo gunia lilianguka bila mtu kuona, plasta bado inaacha unga mkononi. Na chumvi: hapa Kigoma, karibu na Uvinza, si ajabu fundi kutaka kutia chumvi kwenye chokaa ya kupaka ili ishike. Chumvi huvuta unyevu. Jikoni ukuta utatoka jasho kila mvua ikinyesha, kwa hiyo kataa.

Sasa kaunta, ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Desturi ni kuchimba mfereji ukutani na kuchomeka zege ndani yake. Kwenye tofali bichi unakuwa umekata ukuta nusu, ukaubebesha mzigo, na ukafungua njia ya maji ya sinki kuingia moja kwa moja kwenye udongo. Nilitaka kaunta inayosimama kwa miguu yake, mbali na ukuta kwa sentimita 1.5, na hilo tuliliandika kwenye makubaliano.

Miguu ni minne, ya tofali za kuchoma, upana wa sentimita 10, na nafasi kati ya mguu na mguu ni sentimita 66. Kila mguu umekaa juu ya msingi wa zege wa sentimita 15, chini ya sakafu, si juu yake. Sakafu ya zamani ni udongo uliopakwa saruji nyembamba na ingezama. Bamba la juu ni mita 2.4 kwa sentimita 65, unene sentimita 7.5, na nyuma limeinuka ukingo wa sentimita 10 uliomwagwa pamoja nalo. Huo ukingo ndio unaokinga maji. Marumaru zimebandikwa kwenye ukingo, ukuta wenyewe haukuguswa.

Nondo za milimita 8 zinauzwa urefu wa mita 12, na hesabu inakaa vizuri: moja inatoa vipande vitano vya urefu wa kaunta, nyingine inatoa vipande 17 vya kukatiza vyenye sentimita 70, ambavyo mwisho wake unakunjwa juu kuingia kwenye ukingo. Kipande cha nondo ya tatu kinatoa vinne vya sentimita 40 vya kulaza mshazari kwenye pembe za tundu la sinki, la sivyo nyufa huanzia hapo. Nondo zikae chini, zikiwa zimeinuliwa sentimita 2 tu kutoka kwenye mbao. Niliikuta ya kwetu imelala katikati ya unene, vibanzi vya mawe vikiwa virefu mno, na ikabidi ishushwe kabla ya kumwaga. Ukikosa kusimama hapo saa hiyo, hutaijua tena.

Zege lilitoka kwenye mfuko mmoja wa saruji ya daraja la nguvu 42.5, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto za nusu inchi ndoo saba, na maji yasiyozidi lita 25. Kibarua atataka maji zaidi ili koleo iwe nyepesi. Zege jepesi ni zege lenye vinyweleo. Tulimwagilia siku saba, mihimili ya chini ikatolewa siku ya 14.

Juu ya kaunta mwashi alipendekeza niru, yaani saruji tupu iliyolainishwa kwa mwiko. Niru inapendeza siku ya kwanza, lakini ndimu na siki zinaila, na mawese yanaingia ndani yasitoke tena. Niliweka marumaru ngumu za sakafu za 60 kwa 60, nne tu, zikafunika urefu wote na kuacha viungo vitatu. Viungo vilijazwa grauti ya epoksi. Grauti ya kawaida, kwa jiko linalopika mawese, itakuwa ya rangi ya machungwa mapema sana. Ile nafasi ya nyuma kati ya ukingo na ukuta ilijazwa silikoni mara ya kwanza, ikabanduka ndani ya wiki kwa sababu silikoni haishiki kwenye chokaa yenye unga. Sasa kuna ufito mwembamba wa mbao uliogundishwa kwenye ukingo tu, ukiegemea ukuta bila kufungwa nao. Mende hawapiti na ukuta unapumua.

Mawese ndiyo yaliyoua bomba. Fundi aliweka bomba la inchi moja na nusu kutoka sinki hadi shimoni uani, mita sita, likiwa karibu bapa. Mawese ya moto huteremka kama maji, yakipoa huganda. Usiku wa Kigoma unatosha kabisa kuyafanya mgando. Miezi miwili tu, sinki halishuki. Lililowekwa badala yake ni la inchi mbili lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, yaani sentimita 15 kwa mita zile sita, na hatua moja nje ya ukuta kuna chemba ya mafuta ya sentimita 40 pande zote. Siri yake iko kwenye mdomo wa kutokea: uwe na kiwiko kinachotazama chini ndani ya maji, ili mafuta yanayoelea yabaki chemba. Unayachota kila wiki mbili. Fundi alitaka kuacha kiwiko ili "kusipunguze mwendo". Bila kiwiko chemba hiyo ni shimo tu.

Maji safi ni bomba la plastiki la PPR, linalounganishwa kwa moto, la milimita 20, limepita nyuma ya miguu ya kaunta badala ya kuchimbiwa ukutani. Mashine ya kuunganishia iwe nyuzi 260, sekunde tano kwa ukubwa huo. Fundi akizidisha, plastiki inavimba ndani na koki inatoa maji kama uzi hata tangi likiwa limejaa. Hapa kazi yake ilikuwa safi.

Makabati ni milango ya mninga kwenye fremu iliyofungwa kwenye miguu ya kaunta. Mbao yenyewe sina malalamiko nayo. Seremala, ndiyo. Aliacha ukanda mweupe wa nje ya gogo kwenye milango miwili, na mchwa wamekula huo mweupe na kuuacha mwekundu kama ulivyo. Kagua kila ubao kabla haujapigwa randa, ukishapakwa vanishi huoni tofauti vizuri. Akijitolea kupaka oili chafu dhidi ya mchwa, mwambie hapana. Inanuka na inachuruzika kwenye unga. Makabati ya kutundika usiyafikirie: fisha na skrubu kwenye tofali bichi hazishiki uzito. Niliweka rafu ya kusimama.

Umeme ni waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, kwenye mfereji wa plastiki juu ya ukuta, na breka ya ampea 20 ya jiko peke yake. Mtungi wa gesi wa kilo 15 uko nje kwenye kivuli, na matofali ya matundu yamewekwa usawa wa sakafu, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini.

Ukianza, agiza grauti ya epoksi kabla ya kubomoa chochote. Madukani hapa sikuipata, na kaunta yetu ilikaa wiki tatu viungo vikiwa wazi tukisubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.